Je, Wajua? Majina Yetu Kwenye Meza ya Dadu

Je, wajua kwamba mwaka 1980 kilichapishwa Marekani kitabu kilichokusanya miungu ya pande nyingi za dunia kwa ajili ya wachezaji wa dadu, na humo ndani Afrika ya kusini mwa Sahara haikupata hata ukurasa mmoja? Kitabu hicho ni Deities & Demigods, cha mchezo wa Dungeons & Dragons. Miungu ya Misri ilikuwemo, ya Ugiriki ilikuwemo, ya Uhindi, Uchina, Japani, Babeli na Wafini pia. Hata miungu iliyobuniwa na waandishi wa riwaya, akina H. P. Lovecraft na Fritz Leiber, ilipewa nafasi yake. Kwa Mulungu, Ngai, Leza na Olodumare, kimya.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanaketi mezani, kila mmoja anamshika mhusika wake, labda mpiga mishale, mganga au mwizi mwenye huruma. Mmoja wao anakuwa msimulizi, naye ndiye anayewaeleza wenzake dunia wanayopita. Pakitokea jambo ambalo matokeo yake hayajulikani, kama kuruka korongo au kupambana na joka, dadu inatupwa. Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo wa kwanza wa namna hii mwaka 1974. Hauhitaji jukwaa wala mavazi, kila kitu hujengwa kwa maneno, na hapo ndipo jina linapokuwa na kazi kubwa. Msimulizi akisema "mnaingia Kilwa", wachezaji wameshaona bahari, mitumbwi na kuta za matumbawe kabla hajaongeza neno la pili.

Swali ni jina hilo linatoka wapi, na anayelichukua anachukua pamoja nalo nini.

Je, wajua kwamba kuna bara zima la fantasia linaloitwa Nyumbani? Historia yake inaanzia kwa mtu mwingine. Miaka ya 1930 Mmarekani Robert E. Howard, aliyemuumba shujaa Conan, alichora dunia ya kale ya kubuni, na upande wa kusini akaweka nchi alizoziita Kush, Darfar, Punt na Zembabwei. Msomaji wetu hahitaji kuambiwa zimetoka wapi. Majina yalichukuliwa, lakini watu waliowekwa chini yake walikuwa zaidi wa kutisha na wa kuuawa. Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1946, alizipenda hadithi za aina hiyo na wakati huohuo zikamuumiza. Mwaka 1969 alihamia Kanada, na huko akaanza kuandika jibu. Jibu hilo ni Imaro, riwaya iliyotoka mwaka 1981, na bara anamotembea shujaa wake ndilo Nyumbani.

Kwa nini Kiswahili, wakati mababu wengi wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola? Ni kwa sababu ya zama zenyewe. Miaka ya 1960 Kiswahili kilionekana kuwa lugha ya uhuru, isiyo mali ya kabila moja. Mwaka 1966 ndipo Maulana Karenga alipoanzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California, na nguzo zake saba zote akazipa majina ya Kiswahili, kuanzia Umoja hadi Imani. Saunders aliandika akiwa katika upepo huo.

Tazama pia alivyowataja watu wake. Imaro analelewa na Wailyassai, wafugaji mashujaa ambao kijana wao huthibitisha utu uzima kwa kumkabili simba. Msomaji wa Arusha au Kajiado anajua mara moja ni akina nani waliomsukuma mwandishi. Hata hivyo, hakuwaita Wamasai. Herufi chache alizobadilisha zilimpa ruhusa ya kubuni mila, visasi na miungu bila kuwasingizia watu halisi jambo ambalo hawakulifanya. Kwangu mimi hiyo ni adabu ya kazi, na wengi waliomfuata hawakuwa nayo.

Mchapishaji, kwa upande wake, aliandika jaladani kwamba hiyo ni habari ya Tarzan mweusi. Wenye haki za Tarzan wakapinga, na kitabu kikachelewa kufika madukani. Saunders alifariki mwaka 2020 huko Nova Scotia, akazikwa katika kaburi lisilo na alama. Baadaye marafiki na wasomaji walichanga fedha za kumwekea jiwe.

Je, wajua kwamba mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering ulitoa mwaka 1996 seti iliyoitwa Mirage, yenye bara la Jamuraa lililochorwa kwa sura ya Afrika, na ndani yake Kiswahili kimetapakaa? Kuna wapiganaji wawili wenye cheo cha Askari, mmoja wa ngao ya moto na mwingine wa mkuki wa moto. Kuna Zuberi, mwenye unyoya wa dhahabu. Kuna mnyonya damu, ambaye huku pwani tungemwita mumiani, aliyepewa jina la Shauku. Jina hilo limenikaa vizuri: kiumbe asiyeshiba, anayesukumwa na kutamani tu, ni nadra kupata neno linalomfaa kuliko hilo.

Sasa mtazame ndege-simba wa seti hiyohiyo, aitwaye Ekundu Griffin, na mwenzake jitu la jicho moja, Ekundu Cyclops. Mswahili hasemi "ekundu" peke yake. Kitambaa ni chekundu, nguo ni nyekundu, mtu ni mwekundu. Neno hilo likiwa tupu hukaa mahali pamoja tu, yaani kwenye kamusi, baada ya kistari. Basi tunaweza kuona mezani kwa mbunifu: kamusi ilikuwepo, msemaji wa lugha hakuwepo.

Je, wajua kwamba katika Nyambe, kitabu cha mwaka 2002 cha Christopher Dolunt kilichokuwa miongoni mwa majaribio makubwa ya mwanzo ya kuipa Afrika dunia yake ya mchezo, mchezaji anaweza kuchagua kuwa mchawi? Jina la kitabu ni jina la Mungu kwa Walozi wa Zambia. Ndani yake kuna Agogwe, watu wafupi wa misituni wanaosimuliwa Tanzania, na Kitunusi, ambaye wavuvi wetu wanamjua kuwa pepo mbaya wa majini. Dolunt alisoma sana, na hilo linaonekana. Alitaka Afrika ya mashujaa na falme, si ya mzungu aliyepotea porini.

Lakini neno mchawi lina uzito ambao kamusi haiwezi kuubeba. Katika michezo ya Kizungu, mtu wa miujiza ni msomi tu mwenye vitabu na fimbo. Kwetu, mwenye elimu ya dawa na nyota ni mganga au mnajimu, anayepunga pepo ni fundi, na mchawi ni yule anayedhuru usiku. Neno hilo ni shtaka. Tanganyika ilitungiwa sheria ya uchawi mwaka 1928, Kenya mwaka 1925, na Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, wekundu ambao mara nyingi umetokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Msimulizi anayelijua hilo anaweza kutengeneza mchezo wenye nguvu sana: mji unaomshuku bibi mmoja, wachezaji wenye siku chache za kumwokoa, na mganga ambaye hajulikani yuko upande gani. Asiyelijua ataliandika neno juu ya karatasi ya mhusika, aendelee.

Je, wajua kwamba alama ya ritifaa, ambayo waandishi wa fantasia huipachika popote ili jina lionekane la ajabu, kwetu ina kazi maalumu? Katika Tomb of Annihilation, kitabu cha Dungeons & Dragons cha mwaka 2017 kinachokwenda nchi ya Chult, yupo tajiri wa bandari ya Nyanzaru aitwaye Wakanga O'tamu. Ritifaa yake haimwambii msomaji lolote. Yetu humwambia ulimi ukae wapi: ngoa ni wivu au tamaa, ng'oa ni kutoa mti na mizizi yake.

Twende Mwangi. Je, wajua kwamba katika Golarion, dunia ya mchezo wa Pathfinder, eneo kubwa la misitu na miji linaitwa Mwangi Expanse, na wenyeji wake wanaitwa Mwangi? Ukilisikia jina hilo Nyeri au Murang'a, utageuka kutazama nani anaitwa, kwa sababu huenda nusu ya kundi wakaitika. Wakikuyu walilitumia pia kwa jambo kubwa kuliko mtu mmoja. Jamii yao iligawanyika katika vizazi viwili vya kupokezana, Mwangi na Maina, na kila baada ya miongo kadhaa kizazi kimoja kilikabidhi madaraka kwa kingine katika sherehe iitwayo itwika. Hebu fikiria dunia ya mchezo ambamo nchi nzima imo katika mwaka wa makabidhiano: wazee wanaoondoka wana siri ambazo hawajazisema, vijana wanaoingia wanadai hesabu, na kila mchezaji amezaliwa upande mmoja au mwingine bila kuchagua. Jina lilikuwa na mchezo mzima ndani yake tangu zamani.

Mojawapo ya makundi ya watu wa eneo hilo la kubuni linaitwa Zenj. Hilo ni jina walilotumia Waarabu na Waajemi wa kale kwa watu wa pwani yetu, na ndilo lililobaki katika jina Zanzibar. Mwanajiografia al-Masudi wa Baghdad alipita bahari hii karibu mwaka 916. Akaandika kwamba mfalme wa Zanj huitwa waqlimi, neno ambalo wataalamu wengi wanalisoma kuwa ni wafalme. Kwa maneno mengine, miaka zaidi ya 1,000 iliyopita msafiri mgeni alikuwa tayari ameketi na daftari lake, akijaribu kuandika jina la cheo cha watu wa hapa kwa herufi zisizolingana na sauti zao. Wabunifu wa michezo wamo katika safu ndefu.

Mwaka 2021 wenye mchezo wa Pathfinder waliiandika Mwangi Expanse upya, safari hii wakiwashirikisha waandishi wengi weusi. Tofauti ni kubwa. Palipokuwa na msitu na magofu sasa pana miji yenye siasa zake. Kuna Magaambya, chuo cha elimu ya miujiza kilichoanzishwa na mzee Jatembe, na kuna anadi, watu-buibui wanaomkumbusha msomaji Ananse wa Waashanti. Koloni lililoitwa Sargava limekwisha pigania uhuru, na baada ya ushindi wenyeji wameliita Vidrian. Tuliozaliwa katika nchi zilizobadilisha majina hatuhitaji maelezo kuhusu hilo.

Tena, mataifa halisi nayo yamefanya kazi hii ya kuchagua majina. Ghana ilipopata uhuru mwaka 1957 ilijipa jina la dola ya kale iliyokuwa mbali nayo sana, katika Mauritania na Mali za leo. Dahomey ikajiita Benin mwaka 1975, ingawa ufalme wa Benin wenyewe umo Nigeria. Dola ile ya kale ya Ghana, watu wake Wasoninke waliiita Wagadu, na jina hilo ndilo lililochukuliwa na kampuni ya Twin Drums ya Berlin kwa dunia yake ya fantasia ya Kiafrika, Wagadu Chronicles, iliyochangiwa fedha na umma mwaka 2020. Kwa upande mwingine, kitabu cha mchezo Spears of the Dawn cha Kevin Crawford cha mwaka 2013 kina watu wanaoitwa Nyala na Meru, majina ambayo yapo kwenye ramani halisi. Hapo mimi nasita. Mmeru wa Kenya na Mmeru wa Arusha wapo, wana mashamba na mazishi na arusi, na hawafanani na watu wa kitabuni.

Je, wajua kwamba lugha za Kibantu zinampa mbunifu mtambo kamili wa majina bila malipo? Mganda, Waganda, Uganda, Kiganda: mtu, watu, nchi na lugha, vyote kutoka shina moja. Chukua shina lolote unalolitaka, tuseme -tembezi, na kabla hujamaliza chai yako una Mtembezi, Watembezi, Utembezi na Kitembezi, nchi yenye wasafiri wasiotulia na lugha yao. Vitabu vingi vya michezo havijui siri hii. Vinaandika kabila kwa neno moja, nchi kwa neno jingine lisilohusiana nalo, na msomaji wa Kiswahili anahisi kuna kiungo kimekatika.

Majina ya watu ni hazina kubwa zaidi. Mwongozo wa kawaida wa mchezo humpa mchezaji orodha ya silabi atupie dadu. Waluo wana kitu bora kuliko hicho, maana jina huangalia mtoto alifika lini. Onyango ni wa asubuhi, Ochieng' wa jua kali, Odhiambo wa jioni, Otieno wa usiku, Oduor wa usiku wa manane, Okoth wa mvua. Hao ni sita, na dadu ya kawaida ina pande sita. Kwa msichana, O ya mwanzo inakuwa A: Atieno, Akoth, Achieng'. Ukiitupa dadu hivyo, mhusika anapata jina na hapohapo anapata tukio la kwanza la maisha yake, kwa sababu lazima ujiulize usiku ule wa mvua mama yake alikuwa wapi.

Rwanda na Burundi jina mara nyingi ni sentensi nzima, kama Habimana, "Mungu yupo", na ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina yasiyofanana kabisa. Katika mchezo wa upelelezi, hilo peke yake linaweza kuficha undugu hadi usiku wa mwisho.

Je, wajua kwamba wafalme wa Ethiopia walikuwa na majina ya farasi? Shujaa aliitwa kwa jina la farasi wake wa vita, akitanguliziwa neno Abba, yaani baba au mwenye. Mfalme Tewodros wa Pili alikuwa Abba Tatek, Yohannes wa Nne alikuwa Abba Bezbiz, Menelik wa Pili alikuwa Abba Dagnew. Mfalme wa Jimma aliyefariki mwaka 1932 anajulikana hadi leo kwa jina la namna hiyo tu, Abba Jifar. Sijaona dunia ya kubuni iliyotunga kitu kizuri kama hiki, na kipo tayari kwenye vitabu vya historia.

Kuna pia safari ya upande wa pili, ambapo kitu chetu cha kweli kilifanywa cha ajabu na wengine. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga kwa mfalme wa Uchina. Mwaka uliotangulia twiga mwingine alikuwa amefika kutoka Bengal. Wachina walipomwona mnyama mpole, mrefu, mwenye madoa, walimwita qilin, kiumbe cha hadithi zao kinachotokea penye utawala wa haki. Qilin huyo, kwa matamshi ya Kijapani ki-rin, yumo katika vitabu vya Dungeons & Dragons tangu miaka ya 1970. Twiga wa Malindi hatajwi.

Na je, wajua kwamba Waswahili wana hadithi ambayo tayari imepangwa kama mchezo wa dadu, daraja kwa daraja? Askofu Edward Steere aliisikia Unguja na kuichapisha mwaka 1870 katika Swahili Tales. Ni ile ya Sultani Majnuni na paka wake. Paka anakula mbuzi, kisha ng'ombe, kisha punda. Kila watu wakija kulalamika, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kilicholiwa ni chake, basi waende zao. Paka anaanza kula watoto, halafu watu wazima, mwishowe wana wa sultani. Hapo ndipo baba anapotamka kwamba huyu si paka tena, ni Nunda mla watu.

Mtoto wa mwisho, ambaye wote wanamdharau na kumwita Mkaa Jikoni, anaondoka kumwinda. Anaua mbwa, anamburura hadi kwa mama yake akiimba kwa furaha, na mama anamwambia siye. Anarudi porini. Ngawa, siye. Punda milia, siye. Twiga, siye. Hata ndovu, siye. Mama anamsihi aache, lakini kila mara humweleza Nunda anafananaje, masikio yake, upana wake, mkia wake, ili kijana asiendelee kukosea. Wanyama wanazidi kuwa wakubwa, na kila mara mwindaji anarudi akiwa ameongezeka ujuzi. Msimulizi wa mezani angeita hiyo kupanda daraja, na nyanya wa Unguja walikuwa wakiisimulia hivyo zaidi ya miaka 100 kabla ya Gygax na Arneson.

Angalia mambo ambayo hadithi hii inayo na dunia nyingi za kubuni hazina. Zimwi limelelewa ikulu, na limekua kwa sababu mtawala alikataa kusikiliza malalamiko ya raia. Shujaa hana upanga wa urithi wala unabii, ana mama anayejua ukweli na asiyemdanganya mwanawe ili kumfurahisha. Ushahidi wa ushindi hautolewi na mfalme, bali na mama. Atakayeigeuza kuwa mchezo anaweza kubadilisha mji, wanyama na hata jina la sultani, ila akiiondoa jeuri ya sultani au hukumu ya mama, atakuwa amebaki na paka mkubwa tu.

Steere alifariki mwaka 1882, kwa hiyo kitabu chake hakina tena mwenye haki miliki. Mwenye dadu, karatasi na rafiki wanne anaweza kuanza Jumamosi hii.